Kabla ya Tingatinga Kugusa Nyambera: Barua ya Wazi kwa Kaunti za Kisii na Nyamira

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Kisii na Nyamira, mawaziri wa kaunti wanaosimamia mazingira, wawakilishi wadi wa mabunge yote mawili, na maafisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Waheshimiwa,

Kwa miaka mingi wakazi wa mji wa Kisii wamelalamikia jaa la Nyambera: uvundo, moshi, nzi, na maji machafu yanayoteremka kila mvua inyeshapo. Malalamiko hayo ni ya haki. Katiba imezikabidhi kaunti kazi ya uzoaji na utupaji wa taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazielekeza ziachane na majaa ya wazi, mahali pake viwekwe vituo vya kuchambua taka na kuzitumia upya. Lakini jaa likifungwa, kazi haijaisha. Chini ya taka za Nyambera, na chini ya majaa madogo yaliyo kando ya masoko ya kaunti zote mbili, kuna ardhi itakayohitaji kusafishwa kabla haijajengwa wala kulimwa. Ombi langu katika barua hii ni moja. Kabla zabuni ya usafishaji haijatangazwa, pimeni kwanza udongo wa Gusii ambao taka haikuufikia, mchapishe matokeo yake, na kila kazi ya kusafisha ihukumiwe kwa kipimo hicho.

Najua ombi hili linaweza kuonekana kama la kupoteza wakati. Kuna haja gani ya kupima udongo safi ilhali uchafu unaonekana waziwazi? Haja ipo kwa sababu uchafu wa kuogopwa zaidi katika jaa la zamani hauonekani kwa macho. Nailoni, chupa na matambara huzolewa yakaisha. Kinachobaki ni risasi ya betri za magari, kadimiamu ya betri ndogo na ya rangi zilizotiwa kwenye plastiki, shaba ya nyaya zilizochomwa ili ziuzwe kama chuma chakavu, zinki ya mabati na matairi. Madini haya hayaozi. Na kila moja kati yake lilikuwamo katika udongo wa Gusii, kwa kiasi chake, kabla mtu yeyote hajatupa taka hapo. Kwa hiyo maabara ikileta karatasi inayosema kwamba kilo moja ya udongo wa Nyambera ina miligramu kadhaa za nikeli, takwimu hiyo peke yake haimwambii msomaji jambo la maana. Anahitaji kujua udongo uleule ungekuwa na nikeli kiasi gani kama jaa lisingekuwapo.

Jibu la swali hilo haliwezi kuagizwa kutoka Nairobi, sembuse ng'ambo, kwa sababu Gusii si nchi ya mwamba mmoja. Miamba yake mingi ni ya volkeno ya kale sana: basalti sehemu nyingi, rayolaiti na andesaiti kwingineko, na kati yake tabaka za kwatzaiti kama zile zilizojenga ukingo wa Manga. Kule Tabaka mwamba uligeuka kuwa lile jiwe laini ambalo wachongaji wake wanajulikana duniani kote. Juu ya haya kuna majivu ya volkeno yaliyopeperushwa zamani kutoka upande wa Bonde la Ufa. Tofauti ya miamba hii si jambo dogo la wanajiolojia. Kwa wastani wa dunia, kilo moja ya basalti huwa na takriban miligramu 170 za kromiamu na 130 za nikeli. Miamba ya jamii ya granaiti, ambayo kikemia ni ndugu ya rayolaiti, huwa na kromiamu inayozunguka 20 au chini ya hapo, na nikeli kidogo zaidi. Kwa risasi mambo hugeuka: basalti ina miligramu kama 6, granaiti huweza kukaribia 20. Udongo mwekundu wenye kina kirefu ambao wakulima wetu wanaujua umetokana na mawe haya kuoza kwa maelfu ya miaka chini ya mvua nyingi. Mvua hiyo iliosha kalisiamu na sodiamu, ikaacha chuma, alumini na madini magumu kama kromiamu. Mashamba mawili yaliyoachana kwa mwendo mfupi wa matatu yanaweza kutofautiana mara kadhaa kwa kromiamu, na hakuna hata moja lililowahi kutupiwa taka.

Tazameni basi ukuta wa shimo lililochimbwa ukingoni mwa jaa lolote la zamani. Juu kuna majivu ya kijivu yaliyochanganyika na vipande vya chupa, vifundo vya plastiki iliyoyeyuka na maganda ya betri za tochi yaliyoliwa na kutu. Chini ya majivu kuna mkanda mweusi wenye unyevu, kisha udongo unaanza kurudia wekundu wake kidogo kidogo, bila mstari. Mchimbaji asimame wapi? Akifuata rangi, atasimama wekundu unapoanza, na pengine atakuwa ameacha zinki na kadimiamu zilizokwisha kushuka na maji chini ya mahali pale ambapo jicho linaona pasafi. Akipewa namba iliyonakiliwa kutoka kwenye kanuni za nchi nyingine, aambiwe achimbe hadi kromiamu ishuke chini ya hapo, huenda akachimba mita nyingi asiifikie, kwa kuwa anachokichimba ni Gusii yenyewe. Na udongo huo uliotolewa bila sababu utapelekwa wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii pekee ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Hakuna bonde lisilo na mwenyewe. Kila lori litakalobebeshwa udongo safi kwa makosa litamwaga mzigo wake mlangoni mwa mtu, na kila tani iliyochafuka ikaachwa itakua pamoja na sukumawiki na managu za atakayelima hapo.

Ugumu hauishii kwenye miamba. Udongo wa Gusii umelimwa sana, na kilimo kimeacha alama zake. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, na kahawa hupuliziwa dawa zenye shaba dhidi ya ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Shamba la kahawa la miaka mingi linaweza kuwa na shaba nyingi katika udongo wa juu bila taka kuhusika hata kidogo. Mbolea za fosfeti, DAP ikiwemo, hubeba kadimiamu kidogo kutoka kwenye mwamba unaotumika kuzitengeneza, na kidogo hicho hujikusanya msimu baada ya msimu. Kando ya barabara kuu kuna risasi ya petroli, maana Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006 tu. Halafu kuna chai, ambayo kuanzia Kebirigo hadi Nyansiongo ndiyo inayolisha na kusomesha familia nyingi za Nyamira. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na mbolea yake huizidisha asidi hiyo. Katika udongo wa namna hiyo zinki na kadimiamu hazishikiki vizuri. Huyeyuka, hushuka na maji, hupanda kwenye mimea. Kiasi kilekile cha kadimiamu kinaweza kutulia katika udongo mmoja na kuwa hatari katika mwingine. Ndiyo maana ninaomba vipimo viwili vya kulinganishia, wala si kimoja: udongo ambao haujalimwa, kama ule wa vilima vyenye miti ya asili, na udongo wa mashamba ya kawaida yaliyo mbali na jaa. Cha kwanza kitaonyesha mwamba ulitoa nini. Cha pili kitaonyesha mkulima aliongeza nini. Kinachozidi hapo ndicho cha jaa.

Hatuanzi patupu. Mwaka 1982, Nyamira ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii, ulichapishwa upimaji mpana wa udongo wa eneo la Kisii, uliofanywa na W. G. Wielemaker na H. W. Boxem chini ya ushirikiano wa Idara ya Upimaji wa Udongo ya Kenya na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Wageningen, Uholanzi. Ramani yake inaonyesha aina za udongo na mwamba ulioko chini ya kila aina. Kazi ile ililenga kilimo, haikukusudiwa kutafuta risasi na kadimiamu za majaa, lakini ndiyo inayotuambia tukapime wapi. Mtu akitaka kujua udongo upi ni ndugu wa kweli wa udongo wa Nyambera, aanzie hapo. Ni hazina iliyolala, na hakuna sababu ya kumlipa mshauri agundue upya yaliyokwisha kuchorwa.

Umuhimu wa kuchagua udongo ndugu unaonekana vizuri Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilitoa utafiti ulioongozwa na Njoroge Kimani kuhusu jaa hilo la Nairobi. Watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi. Nchi nzima ilishtuka, na ilistahili kushtuka. Watafiti hawakuishia jaani. Walichukua pia udongo wa Waithaka, pembezoni mwa Nairobi, ili wapate cha kulinganisha, na hilo liliupa utafiti wao nguvu. Hata hivyo Dandora iko mashariki mwa jiji, upande wa udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, na Waithaka iko magharibi, kwenye udongo mwekundu. Kwa risasi, ambayo tofauti yake ilikuwa kubwa mno, jambo hilo halibadilishi jibu. Lakini kwa kromiamu au nikeli mtu anayetaka kubisha angepata mwanya, na mawakili hulipwa kutafuta mianya. Gusii inaweza kufanya vizuri zaidi kwa sababu ramani ipo.

Kazi yenyewe haina maajabu, ila inadai uangalifu. Kwa kila aina ya mwamba ulio chini ya jaa, zichaguliwe sehemu 20 au 30 za kulinganishia. Ziwe upande wa juu wa mteremko ili maji ya jaa yasizifikie, ziwe nje ya njia ya moshi wake, mbali na barabara, mbali na mabati na rangi za majengo, mbali na mashimo ambamo kila boma huchomea taka zake. Mpimaji azamishe keekee ya udongo achukue sampuli ya sentimita 20 za juu, kisha nyingine ya chini, kama mita moja, kwa sababu uchafuzi wa angani hukaa juu ilhali urithi wa mwamba hufika hadi chini. Kila sampuli ipimwe pia asidi, mfinyanzi, mboji na chuma. Hiki cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Kromiamu na nikeli za mwamba hufuatana na chuma: mahali penye chuma kingi nazo huwa nyingi. Sampuli yenye risasi au zinki iliyopanda ghafla bila chuma kupanda nayo inasema imepata mgeni. Njia hii humwezesha mpimaji kuutambua uchafu hata pale ambapo mwamba wenyewe ni tajiri wa madini. Na asije mtu akatumia wastani kama mpaka, maana sehemu kubwa ya udongo safi huwa juu ya wastani wake. Mpaka unaofaa ni ule ambao sampuli 95 kati ya 100 za udongo safi haziuvuki.

Wapo watakaosema kwamba viwango vya kimataifa vipo, tuvitumie tuendelee na kazi. Uholanzi mara nyingi hutajwa, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuweka viwango vya udongo uliochafuka. Lakini Waholanzi wenyewe hawatumii namba moja kwa kila udongo. Viwango vyao viliandikwa kwa udongo wa mfano wenye asilimia 25 ya mfinyanzi na asilimia 10 ya mboji, kisha hurekebishwa kwa hesabu kulingana na udongo ulioko mezani. Kama nchi tambarare yenye mchanga na matope ya mito imeona haja ya kurekebisha kutoka shamba hadi shamba, sisi wa vilima vya volkeno tuna haja kubwa zaidi. Viwango vya nje vina kazi yake: vinatuonyesha madhara kwa afya huanza wapi. Havituonyeshi udongo wetu ulianzia wapi.

Pingamizi zito zaidi ni la wananchi, nami naliheshimu. Watasema kwamba kipimo cha udongo wa asili ndicho kichaka ambamo mchafuzi hujificha. Achague udongo wa kando ya gereji au wa bustani iliyotiwa majivu ya jaa kwa miaka, auite safi, na ghafla jaa lote liwe la kawaida. Hatari hiyo ni ya kweli. Dawa yake si kuacha kupima, maana pasipo kipimo mchafuzi ana kichaka kikubwa zaidi: atasema madini yote ni ya mwamba, na hakuna atakayekuwa na karatasi ya kumkanusha. Dawa ni kuweka kazi hadharani. Sehemu za kulinganishia zitajwe na kubandikwa kwenye ofisi za wadi kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, ili mkazi anayejua kwamba pale palikuwa na gereji aseme mapema. Sampuli zigawanywe, nusu zipelekwe maabara ya pili ambayo mkandarasi hakuichagua. Chuo Kikuu cha Kisii na kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo (KALRO) kilichopo Kisii vina watu wanaoujua udongo huu, na vinaweza kusimamia uchukuaji. Atakayelipwa kusafisha asiruhusiwe kamwe kuchagua udongo atakaopimiwa.

Wengine watauliza: kama madini ni ya asili, je, hayadhuru? Huweza kudhuru. Mwili wa mtoto hautofautishi risasi ya mwamba na ya betri. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kilicho chini ya kiwango cha asili ni salama, wala kwamba afya ipuuzwe. Maswali ni mawili, na kila moja lina jibu lake. Kiwango cha asili kinaonyesha ni nini kinachoweza kuondolewa na nani alipie. Hesabu ya afya inaonyesha watu walindwe dhidi ya nini. Ikitokea udongo wa asili wenyewe una madini ya kutia shaka, suluhisho ni kuupunguzia asidi kwa chokaa, kuchagua mazao, kufunika viwanja wanakochezea watoto. Kuuchimba na kuuhamisha itakuwa ni kuhamisha mwamba. Na kwa wale wanaohofia kwamba upimaji utachelewesha nafuu, hakuna hatua ya dharura inayongoja maabara. Jaa lizungushiwe ua leo, moto uzimwe, mboga zisilimwe juu ya taka, maji yanayotiririka yaelekezwe mbali na vijito vinavyoishia Mto Gucha na hatimaye Ziwa Victoria. Waokotaji taka wapewe glavu na viatu, wapewe na nafasi katika vituo vipya. Kinachongoja kipimo ni uchimbaji tu, ambao ndio wa gharama kubwa na usiorudishwa nyuma.

Kuhusu gharama, angalieni Owino Uhuru, Mombasa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wakazi waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri walipwe shilingi bilioni 1.3 na mtaa wao usafishwe, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo baada ya kutenguliwa katika rufaa. Taasisi za serikali, NEMA ikiwemo, zilipatikana na lawama. Kaunti inayosimamia jaa inaweza kujikuta kizimbani vivyo hivyo, kwa kuwa Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Siku hiyo jaji atauliza udongo ulikuwaje na sasa ukoje. Sampuli mia moja au mia mbili ni sehemu ndogo sana ya bei ya kuhamisha udongo, na ni ndogo zaidi ikilinganishwa na fidia.

Ninawaandikia pamoja kwa sababu mwamba haujui mpaka wa kaunti. Basalti na rayolaiti zinapita chini ya Kisii na Nyamira bila kusimama, na Keroka, mji ambao kaunti zenu zimegombania mapato yake, una udongo mmoja pande zote mbili. Kila kaunti ikipima peke yake mtalipia kazi ileile mara mbili, mpate namba mbili zinazopingana, na mkandarasi achague iliyo rahisi kwake. Wekeni daftari moja la udongo wa Gusii, lenye mahali, kina, mwamba na matokeo, na liwe mali ya umma. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Naomba katika mipango yote miwili ijayo uwemo mstari wa fedha wa kazi hii. Na katika kila zabuni ya kusafisha jaa kiwemo kifungu kinachosema kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa mpaka udongo uliobaki, pamoja na ule utakaoletwa kufukia shimo, uwe umepimwa na kulinganishwa na daftari hilo. Udongo wa kufukia husahaulika kila mara, nao pia hutoka mahali fulani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Gusii